Msimamo mpya wa bunduki ya hewa uanzie miguuni

Tangu 2013, alama za mchujo wa bunduki ya hewa ya mita 10 huhesabiwa kwa desimali. Zamani risasi iliyoangukia milimita 2.4 kutoka katikati ya shabaha ilipewa 10, sawa na ile iliyopiga katikati kabisa. Leo ya kwanza ni 10.0, ya pili 10.9. Kwa risasi 60 tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo inayowafanya walengaji wengi wabadili msimamo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza na kitako cha bunduki na kuiacha miguu ilivyo.

Kwa anayetumia mkono wa kulia: simama ubavu wa kushoto ukielekea shabaha, miguu iachane kama upana wa mabega. Kiwiko cha kushoto kikae juu ya mfupa wa nyonga, mifupa ibebe uzito, misuli ilegee. Funga macho, pumua mara mbili, fumbua. Mtutu ukiwa umeelekea kulia kwa shabaha, usiuvute kwa mikono. Sogeza mguu wa kulia mbele, upande wa vidole. Ukiwa umeelekea kushoto, urudishe upande wa kisigino. Sogeza milimita chache tu: miguu ikiachana sentimita 40, sentimita 1 ni pembe inayofika sentimita 25 kwenye shabaha. Kisha rudia kufunga macho.

Kimo hurekebishwa kwa mkono wa kushoto. Ngumi huinua bunduki kuliko kiganja kilicholala. Bunduki ndiyo ikifuate kichwa. Shingo ikiinama, mizani ya mwili huyumba na jicho huchoka mapema.

Mkono wa kulia ndio wenye hila. Vidole vitatu vivute mshikio moja kwa moja nyuma, kwa nguvu ileile kila risasi, na kidole gumba kitulie bila kuminya. Ukibadili pembe ya mshikio, umbali hadi kwenye triga nao hubadilika, kwa hiyo isogeze triga mpaka iguswe na nyama ya ncha ya kidole cha shahada. Ikiguswa na kiungo, mvuto huenda upande na risasi nazo hufuata.

Badili kitu kimoja tu kwa kipindi. Fyatua mara 20 bila risasi, mtutu ukielekea shabaha na bunduki ikiwa imekaguliwa kuwa tupu, halafu piga makundi matatu ya risasi 10. Andika vipimo vya zamani kabla ya kulegeza skrubu yoyote.