Risasi uliyoiokota kando ya nyumba bado ni nzima

Tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, swali tunaloulizwa sisi mafundi wa vilipuzi mara nyingi mitaani si la bomu. Bomu kila mtu analiogopa. Mama akiliona anawavuta watoto na kufunga mlango. Tunaulizwa juu ya masasi, yale madogo ya bunduki, yaliyobaki kwenye mitaro na kati ya mawe meusi ya volkano. Mwingine anayo kwenye kopo chini ya kitanda. Mwingine amemtobolea mtoto moja akamvalisha kama mkufu. Wananiambia: «Fundi, bila bunduki hii ni chuma tu.»

Sivyo. Risasi nzima ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: ganda, baruti ndani yake, kichwa kinachoruka, na fataki, kile kiduara kidogo kwenye kitako. Fataki ndiyo ninayoiogopa. Haihitaji moto; ikigongwa tu inawaka, na kazi ya bunduki ni kuigonga mahali palipopangwa. Nyundo, msumari au jiwe vinaweza kuigonga vilevile. Kijana anayeng'oa kichwa kwa koleo ili awashe baruti na kuwafurahisha wenzake hudhani amekwisha iua risasi, kumbe fataki bado iko mkononi mwake.

Na moto je? Ndani ya bunduki, kuta nene za chuma hulishika ganda lisipasuke. Kwenye mbabula, jiko la makaa, hakuna wa kulishika. Kichwa chenyewe huenda kisifike mbali, lakini ganda hupasuka vipande vyembamba, na anayepuliza makaa uso wake uko palepale.

Siku hizi nasikia pia maneno ya kujaza upya maganda matupu ili yauzwe. Ni kweli Marekani na Ulaya wako wawindaji na walenga shabaha wanaojaza maganda yao, kwa mizani ya kupima baruti kidogo sana na kwa vitabu vya vipimo. Ila tazama kinachotokea ndani. Tairi la gari lina msukumo wa bar 2 na kitu. Risasi ya kawaida ya Kalashnikov, 7.62 × 39, imeruhusiwa kufika bar 3550. Ganda lililokwisha kupigwa limevutika, na jingine lina ufa usioonekana kwa macho. Mengi ya hapa kwetu ni ya chuma, yaliyotengenezwa yapigwe mara moja tu. Baruti ikikosewa kidogo, au ikiwa ya aina nyingine, chumba cha bunduki, pale risasi inapokaa, kinafunguka mbele ya uso wa aliyeishika.

Bunduki inayojipakia yenyewe ina ubaya wake zaidi. Katika Kalashnikov, ule msumari wa kugonga haukushikwa na springi. Kila bolti, kile chuma kinachofunga chumba nyuma ya risasi, inapojifunga kwa nguvu, msumari unaigusa fataki kidogo. Kiwanda kinalijua hilo, kinaweka fataki ngumu. Fataki laini, au iliyokaa imejitokeza nje ya kitako, inaweza kuwaka kabla kidole hakijagusa kifyatulio. Anayekuambia ni kazi rahisi ya jioni anakudanganya, mbali na kwamba sheria inamsubiri.

Wengine, kwa nia njema, wanayatupa masasi ziwani Kivu au chooni. Maji hayayaui. Risasi za jeshi hupakwa rangi ya kuziba kwenye fataki na shingoni ili unyevu usiingie, na atakayechimba au kuzoa choo hicho kesho hajui kilichomo.

Jambo moja ningependa kila mzazi alijue: si kila kinachofanana na risasi kubwa ni risasi tu. Ile ya milimita 23, nene kuliko kidole gumba, kichwa chake kinaweza kuwa na kilipuzi na kiwashio chake. Hiyo ni bomu lenye umbo la risasi. Na hata kwenye ndogo, ncha iliyopakwa rangi mara nyingi inabeba kitu cha kuwaka.

Ukiiona, usiiguse, usiisogeze kwa fimbo. Rudi kwa njia uliyojia, zuia watoto, mwambie nyumbakumi au shefu wa avenue ili mafundi wa vilipuzi waitwe. Kama unayo nyumbani tayari, usiibebe kutuletea. Iache ilipo, tutakuja sisi. Kabla ya kuondoka tazama vizuri: ni karibu na mlango wa nani, ukuta upi, hatua ngapi kutoka barabarani. Kwenye mawe ya volkano ya Nyiragongo kila shimo linafanana na jingine, nasi tumekwisha kumaliza nusu siku tukitafuta kitu chenye urefu wa kidole.