Je, wajua kwa nini serikali ilizichukua shule za kanisa ikaziacha seminari?

Ukikaa na wazee wa Kanda ya Ziwa waliosoma sekondari miaka ya 1970, utashangaa wangapi wamepitia seminari, yaani shule ya kanisa ya kulea mapadri, na ni wachache tu waliopata upadri. Utamkuta mwalimu, daktari, mhasibu mstaafu. Hata Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alisoma Seminari ya Katoke huko Biharamulo kuanzia 1975 hadi 1977, ndipo akahamia Lake Sekondari mjini Mwanza.

Walikimbilia huko kwa sababu, kwa miaka mingi, seminari zilikuwa miongoni mwa sekondari chache zilizobaki mikononi mwa kanisa. Kwa nini iwe hivyo?

Turudi nyuma kidogo. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe, walifika kusini mwa ziwa mwishoni mwa 1878, wakavuka kwenda Buganda. Hali ilipochafuka kule waliondoka 1882, na mwaka uliofuata wakafungua misheni Bukumbi, sehemu ambayo leo iko wilaya ya Misungwi. Jimbo Katoliki la Mwanza lilikua kutoka hapo: Vikarieti (eneo la kimisionari ambalo halijawa jimbo) ya Nyanza Kusini mwaka 1894, Vikarieti ya Mwanza 1929, jimbo kamili 1953, jimbo kuu 1987. Kila misheni ilipokwenda, katekista alikwenda, na anayefundisha sala hakukawia kufundisha kusoma.

Fedha ndizo zilizobadilisha mambo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilizipa ruzuku shule za misheni zilizokubali kukaguliwa na kufuata masharti yake. Kanisa likajenga na kuendesha, serikali ikachangia mishahara ya walimu. Mpango huo uliwafaa wote wawili, ila uliiweka serikali ndani ya nyumba, na anayelipa mshahara siku moja huuliza nani mwenye shule.

Siku hiyo ilifika baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikaipa serikali mamlaka ya kuchukua shule zilizokuwa zikipewa ruzuku. Hoja ilikuwa nzito: shule zilikuwa zimejaa pale misheni zilipostawi, kama Kilimanjaro na Bukoba, na sehemu nyingine zilikuwa kavu, tena mtoto wa Kiislamu hakuwa na nafasi sawa katika shule ya padri. Kwa maoni yangu hoja hiyo haijibiki kirahisi hata leo. Na aliyeitoa alizijua shule hizo kutoka ndani: Nyerere alifundisha St. Mary's Tabora ya Mapadri Weupe, kisha Pugu, na zote mbili zikachukuliwa.

Toka hapo wanafunzi walichaguliwa na serikali, walimu wakapangwa na serikali. Kanisa likabaki na vipindi vya dini kwenye ratiba.

Seminari ziliachwa kwa kuwa zilihesabiwa ni mahali pa kulea mapadri, yaani shughuli ya ndani ya dini, na serikali haikutaka kuonekana inamteulia askofu mapadri wake. Lakini seminari ndogo, yaani ya ngazi ya sekondari, haikuwa nyumba ya sala tu. Gombera, yaani padri mkuu wa seminari, aliisimamia kwa kengele na nidhamu kali, ndiyo, ila darasani zilifundishwa hesabu, fizikia na Kiingereza, na mitihani ya taifa ilifanywa kama kwingineko. Nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali zilikuwa chache mno na ziligawanywa kwa mgao wa mikoa. Kwa hiyo mzazi Mkatoliki wa Ukerewe au Sengerema mwenye kijana mwerevu alikwenda kwa paroko kuomba barua ya kumpendekeza mwanawe. Kama wito ulikuwepo au la, hilo liliachwa kwa Mungu na kwa gombera. Paroko naye hakuwa mjinga; alijua wengi wataishia njiani.

Nyegezi, Mwanza, hali ilikuwa hiyohiyo kwa namna nyingine. Chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na kanisa hapo 1960 hakikuwa sekondari, kikaendelea na kazi yake, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino.

Mlango ulifunguliwa tena polepole. Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, iliyojengwa na kanisa na kutaifishwa mapema miaka ya 1970, ilirudishwa kwa maaskofu 1985 kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja na serikali. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano kuhusu huduma za jamii, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikazipa nafasi shule binafsi. Shule zilizochukuliwa kwa jumla zilibaki za serikali, na majimbo yakaanza kujenga nyingine mpya, safari hii kwa ada za wazazi bila ruzuku ya mishahara.