Ukristo wa China haukuanza na meli za Wazungu

Wengi huamini Ukristo uliingia China karne ya 19, pamoja na mizinga ya Waingereza na biashara ya kasumba. Sivyo. Mwaka 635 Alopen, mmisionari kutoka Uajemi wa Kanisa la Mashariki (kanisa la kale la Kikristo lililotumia lugha ya Kisiria), aliwasili Chang'an, leo Xi'an, na mfalme Taizong akampokea. Jiwe la kumbukumbu ya kanisa hilo, lililosimamishwa mwaka 781, bado lipo Xi'an: juu umechongwa msalaba uliokaa kwenye ua la yungiyungi, chini maandishi ya Kichina, na majina ya mapadri kwa Kisiria. Wamisionari wanaotumwa China leo walisome kwa makini, maana linawasifu mno wafalme. Mwaka 845 mfalme Wuzong alipoanza kuwakandamiza Wabudha, watawa wa Kikristo nao walilazimishwa kuacha utawa, na kanisa lililoegemea ikulu likadhoofika vibaya.