Viza ya masomo huhesabiwa kinyumenyume: dhana za barazani na ukweli wake

Kila mwezi wa nane, kwenye kiduka changu cha kompyuta karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, lazima aingie kijana na bahasha ya kaki. Ndani mna barua ya udahili, picha za pasipoti na nakala ya cheti cha KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari. Anaketi, anajifuta jasho, anauliza: "Kaka, masomo yanaanza tarehe ishirini na moja mwezi ujao. Viza hutoka kwa siku ngapi?"

Nami humuuliza: pesa ziko kwenye akaunti ya nani, na tangu lini? Hapo uso hubadilika.

Fomu yenyewe hujazwa alasiri moja, tukamaliza na chai. Kinachokula miezi ni karatasi zinazotangulia fomu, na kila nchi ina karatasi yake moja iliyo nzito kuliko zote. Uingereza ni pesa zilizolala benki. Marekani ni miadi ya mahojiano. Ujerumani ni barua ya udahili yenyewe, inayofika mkiwa mmeshakata tamaa. Ukijua karatasi nzito ya nchi yako, hesabu nyingine zote utazianzia hapo, ukirudi nyuma.

"Ukiomba mapema sana ndiyo vizuri"

Si kila pahali. Kwa Uingereza, ukiwa nje ya nchi hiyo, mlango hufunguliwa miezi 6 kabla ya masomo kuanza. Darasa likianza tarehe 21 Septemba, kabla ya tarehe 21 Machi huna pa kupeleka ombi. Tena huombi kwa barua ya udahili peke yake. Unahitaji namba ya CAS, yaani uthibitisho rasmi wa kupokelewa, ambayo chuo hukupa ukishatimiza masharti yao, na mara nyingi ukishalipa sehemu ya karo.

Marekani wana upana zaidi: viza ya F-1, ile ya wanafunzi, yaweza kutolewa hadi siku 365 kabla ya masomo. Lakini kupewa viza si kuruhusiwa kuingia. Mwanafunzi mpya haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyoandikwa kwenye fomu yake ya I-20, ile anayopewa na chuo. Wako waliopata viza Aprili wakataka kwenda Juni "kuzoea baridi" kwa shangazi. Juni kwenyewe hakuna baridi, na wakifika uwanja wa ndege watazuiwa.

"Serikali yao imesema wiki tatu, basi wiki tatu zatosha"

Ni kweli kwamba ombi la viza ya masomo ya Uingereza kutoka nje kwa kawaida hujibiwa ndani ya wiki 3. Ila wiki hizo hazianzi siku uliyobonyeza kitufe cha kutuma. Zinaanza ukishathibitisha wewe ni nani, yaani umetoa alama za vidole na picha, na nyaraka zako zimeingia. Ukituma fomu Jumatatu na miadi ukaipata baada ya siku kumi, hizo kumi ni zako, usiwatoze wao. Kuna huduma ya kulipia zaidi ili jibu liharakishwe. Hiyo huharakisha jibu tu. Kifua kikuu haikipimi, na pesa haizikomazi.

Nimetaja kifua kikuu kwa sababu hicho ndicho watu husahau. Mkenya anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 anahitaji cheti cha kupimwa, kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Hospitali ya mtaani kwenu haitoi cheti hicho hata kama daktari ni binamu yako. Hapa kwetu mambo hayo hushughulikiwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, Nairobi. Wengi hupigwa eksirei wakatoka na cheti. Lakini daktari akiona kivuli asichokipenda, hata kama ni kovu la nimonia ya utotoni, huomba makohozi yaoteshwe maabara, na uoteshaji huo huweza kuchukua wiki nane. Aliyepima Mei atasubiri akinung'unika. Aliyepima Agosti muhula umempita.

"Pesa zikiwepo siku ya kuomba, basi"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wa Pwani huanguka.

Kanuni ya Uingereza ni kwamba karo iliyobaki ya mwaka wa kwanza, pamoja na gharama ya maisha ya hadi miezi 9, ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiasi kinachotakiwa hata siku moja. Na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita kwa zaidi ya siku 31 unapoomba. Chukua kalenda. Pesa zikiingia tarehe 10 Juni, siku ya 28 ni tarehe 7 Julai. Kwa stetimenti ya benki yenye siku hizo una hadi tarehe 7 Agosti kulipia ombi mtandaoni. Ukichelewa, utahitaji stetimenti mpya.

Mama mmoja wa Kisauni aliuza kiwanja ili bintiye akasome uuguzi. Pesa akaziweka benki na sote tukafurahi. Siku ya 19 kukawa na harusi ya mdogo wake Likoni, akatoa kidogo kwa ajili ya sare na ukumbi. Siku ya 21 akarudisha. Aliponiletea stetimenti nilipitisha kidole mstari kwa mstari hadi pale salio liliposhuka.

"Lakini nimezirudisha, mwanangu. Tena na ziada!"

Ni kweli alizirudisha. Ila hesabu ilikuwa imeanza upya siku ile ya 21, na tulikuwa mwishoni mwa Julai. Binti aliondoka kwa mbinde, baada ya chuo kukubali afike wiki mbili baada ya darasa kuanza. Tangu siku hiyo nawaambia watu: fungueni akaunti isiyo na kadi, na msimwambie mtu mwenye harusi.

Jambo jingine ni shilingi. Benki yako huandika shilingi, wao huhesabu pauni. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kisha miezi michache baadaye ikarudi kwenye 130 na kidogo. Aliyeweka kiasi kamili kabisa, bila nyongeza ya kumlinda, alikuwa akilala na kikokotoo chini ya mto.

"Ami yuko Doha, yeye ndiye atakayelipa"

Alhamdulillahi, na Mungu amzidishie. Lakini kwa viza ya masomo ya Uingereza, stetimenti ya ami haikubaliki, wala ya mjomba, wala ya kaka mkubwa. Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wa kisheria, pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuridhia. Kwetu sisi ami ni baba, huo ndio undugu wetu. Afisa wa viza hana habari nao.

Ami anaweza kukutumia pesa, zikaingia akaunti yako. Ila zikishaingia ndipo siku 28 huanza. Kwa hiyo mwambie Aprili, wala usingoje mshahara wake wa Agosti. Nchi nyingine zina kanuni tofauti kuhusu nani anaweza kukudhamini, usibebe hii ya Uingereza ukaipeleka Kanada.

Cheti cha kuzaliwa nacho kina visa vyake. Huku kwetu mtoto ni Mohamed kwenye cheti, Mohammed kwenye KCSE, na Muhammad kwenye pasipoti kwa sababu karani alikuwa mcha Mungu. Jina la babu limo hapa, pale halimo. Vitu hivi hurekebishika kwa hati ya kiapo au kwa kusahihisha cheti, lakini kusahihisha huchukua wiki nyingi, na ukisahihisha cheti kimoja kingine huanza kukugombeza. Kaa na karatasi zako zote mezani Januari, matokeo ya KCSE yakishatoka, usome majina herufi kwa herufi. Na pasipoti iombwe wakati huo huo. Ofisi ya Uhamiaji iko hapa hapa Mombasa, huna haja ya kusubiri chuo kikukubali ndipo uipeleke fomu.

"Ubalozi haufungwi, miadi itapatikana tu"

Tarehe 27 Mei 2025 serikali ya Marekani iliagiza balozi zake zisitishe kupanga miadi mipya ya mahojiano ya wanafunzi. Zilianza tena katika nusu ya pili ya Juni, safari hii waombaji wakitakiwa kuacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Waliokuwa na miadi tayari waliendelea. Waliongoja "Ramadhani ipite, kisha arusi ya dada, kisha tutaona" ndio walioona. Hakuna aliyeweza kujua kwamba hilo litakuja, na hiyo ndiyo sababu ya kulipa ile ada ya dola 350 ya SEVIS, daftari la Marekani la wanafunzi wa kigeni, na kushika miadi mara tu I-20 inapofika.

"Ulaya ni siku kumi na tano"

Hizo siku 15 ni za viza fupi ya Schengen, ya matembezi. Anayekwenda kusoma Ujerumani miaka mitatu huomba viza ya taifa, na hiyo huweza kuchukua miezi, kwa sababu faili huweza kupelekwa hadi ofisi ya wageni ya mji utakaosoma. Tatizo la Ujerumani ni kalenda: vyuo vingi hufunga maombi ya muhula wa Oktoba tarehe 15 Julai, na barua nyingi za udahili hutoka Agosti. Hesabu mwenyewe siku zilizobaki. Kwa hiyo mambo mengine yote yawe yamekamilika barua ikifika, hasa akaunti iliyozuiwa, ile Sperrkonto, ambayo tangu Septemba 2024 hutakiwa kuwa na yuro 11,904 kwa mwaka. Usije ukaenda kwa viza ya matembezi ukidhani utaibadilisha huko huko. Utarudishwa ukaombe kutoka nyumbani.

Malaysia ni kinyume kabisa: chuo ndicho kinachokuombea kibali kupitia EMGS, shirika lao linaloshughulikia wanafunzi wa kigeni, wewe hufuata baadaye. Uchina hutoa kwanza fomu ya JW, ile ya kuombea viza ya masomo, kisha viza ya X1 kwa masomo ya zaidi ya siku 180, na ukifika una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi.

"Ajenti wangu ana mtu ndani"

Hana.

"Ukikataliwa, mwaka umekwisha"

Vyuo vingi vya Uingereza na Kanada huchukua wanafunzi Januari pia. Kijana mmoja wa Tudor alikataliwa mwezi wa tisa kwa sababu stetimenti yake ilikuwa na siku 26. Barua ya kukataliwa ilieleza hivyo wazi, lakini babake alitaka kuitupa jalalani. Nikaiokota nikaisoma: kosa lilikuwa moja. Chuo kilimsogezea nafasi hadi Januari, pesa zikalala siku zake zote, CAS mpya ikatoka mwishoni mwa Novemba.

Ila cheti chake cha kifua kikuu alikipata mwanzoni mwa Mei, na cheti hicho huishi miezi 6. Alikiangalia akiwa ameketi kwenye kiti kile kile, akahesabu kwa vidole, akaniangalia. Usiku ule alipanda basi la saa tatu kwenda Nairobi kupimwa tena.