Dawa za kushusha kinga baada ya kuwekewa figo: maswali yenu na majibu

Haya maswali yanatoka kwa watu wa Nairobi waliowekewa figo, na wengi wao wanameza takrolimasi, maikofenoleti na predinisoloni, dawa za kushusha kinga ya mwili ili isikatae figo. Ukiwa unatumia hizi dawa kwa sababu nyingine kama lupasi (ugonjwa ambapo kinga inashambulia mwili wenyewe), mengi bado yanakuhusu ila uliza daktari wako.

Naskia poa kabisa, kwani hizi dawa nitameza hadi lini?

Bora hiyo figo inafanya kazi, utameza. Kinga ya mwili haizoei, hata baada ya miaka kumi bado inajua hiyo figo si yako na inangoja tu dawa ilegee. Na shida ni kwamba ukiacha huskii chochote siku za kwanza, hakuna uchungu, unakojoa kama kawaida, halafu unaenda kupima damu unaambiwa kreatinini (uchafu ambao figo inafaa kuchuja) imepanda na wakati mwingine hapo ni kuchelewa. Predinisoloni pia usiikate ghafla, mwili unakuwa umeacha kujitengenezea homoni yake na unaeza kuzimia.

Ni lazima niweke alamu? Kuna siku jam ya Mombasa Road inanimaliza.

Weka. Takrolimasi ya mara mbili kwa siku inataka masaa 12 katikati, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, juu nafasi kati ya kiwango kinacholinda figo na kile kinachoiumiza ni nyembamba sana. Ndiyo, inaumiza, ikizidi kwa damu inachoma figo hiyo hiyo inayolinda, mikono inatetemeka, kichwa kinagonga, presha na sukari zinapanda. Kwa hivyo dozi ya jioni itembee na wewe kwa bag kila siku pamoja na chupa ya maji, hata siku unayojua utafika nyumbani mapema (hapa Nairobi nani anajua?). Ukisahau, meza ukikumbuka, lakini kama dozi inayofuata imekaribia achana na hiyo, usimeze mbili pamoja, na ujulishe kliniki. Kuhusu chakula, chagua njia moja: kama ni tumbo tupu iwe tumbo tupu kila siku.

Siku ya kupima damu nafanyaje?

Hii inakosewa sana. Usimeze dozi ya asubuhi kabla ya damu kutolewa! Wanatafuta kiwango kikiwa chini kabisa, ukimeza kwanza majibu yanatoka juu, daktari anakupunguzia dawa bure na figo inabaki bila ulinzi. Ibebe, utolewe damu, halafu umeze hapo hapo kwa benchi.

Naeza kununua kitu kwa kemisti nikiwa na mafua ama mgongo?

Panadol kwa kipimo chake, sawa. Dawa za maumivu kama Brufen na daiklofenaki hapana, hizo zinabana damu inayoingia kwa figo. Lakini ile inanitia wasiwasi zaidi ni antibayotiki za kupewa juu ya kaunta: erithromaisini na klarithromaisini zinapandisha takrolimasi vibaya, flukonazoli ya fangasi pia, halafu rifampisini ya TB inafanya kinyume, inaishusha hadi figo inaeza kukataliwa. TB hapa kwetu iko, na mtu aliyeshushwa kinga anaishika haraka, sasa ukianzishiwa matibabu hakikisha kliniki ya TB na daktari wa figo wameongea kabla hujameza tembe ya kwanza. Kuna pia wenye gauti: kama unatumia azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, na mtu akuandikie alopurinoli ya gauti bila kujua, damu yako inaeza kuisha nguvu, seli nyeupe zinaanguka.

Na angalia jina kwa pakiti. Prograf ni ya mara mbili kwa siku, Advagraf ni ya mara moja, zote ni takrolimasi lakini hazibadilishani. Ukipewa boksi tofauti na ile umezoea, kataa kwanza, piga simu kliniki.

Kuna mama anauza dawa ya kuongeza kinga, ni miti tu, haina kemikali.

Sasa wewe umelipa pesa kushusha kinga halafu unalipa tena kuipandisha? Mimi sidharau miti shamba, hata takrolimasi ilipatikana mwaka wa 1984 kwa bakteria ya udongo wa Tsukuba, Japani. Tofauti ni kwamba hii tunajua miligramu ngapi zimeingia, na ile chupa ya yule mama hatujui. Balungi pia iache, tunda na juisi, inapandisha dawa kwa damu. Machungwa ya kawaida kula.

Nyama choma je?

Kula, iwe imeiva hadi ndani. Mutura ya barabarani, kachumbari iliyokaa kwa jua, maziwa ambayo hayajachemshwa, hizo pitia mbali. Ukishikwa na kuhara usingoje, maana kuhara kunaeza kupandisha takrolimasi huku maji yakiisha mwilini. Na joto la mwili likifika 38, iwe mchana ama usiku, ni hospitali, hasa kama umetoka ushago upande wa Kisumu ama Pwani kwenye malaria.

Chanjo na mtoto?

Chanjo zenye virusi hai kama homa ya manjano na surua hazikufai, ile ya mafua ya sindano ni sawa. Mtoto wako achanjwe kama kawaida, ila kwa matone ya polio ongea na daktari kwanza, na akipewa ya rota (chanjo ya kuhara) mwingine ambadilishe nepi kwa muda, juu virusi hai vinatoka kwa choo, na wewe unawe mikono. Dada, kama unataka kushika mimba ongea mapema sana, maikofenoleti inaharibu mimba na lazima iachwe angalau wiki 6 kabla, daktari akikubadilishia nyingine.

Naeza kufunga Ramadhani?

Kuna wanaofunga, figo yao ikiwa imetulia na daktari amekubali. Hesabu ndiyo ngumu: daku hapa ni kama saa kumi na moja alfajiri, futari saa kumi na mbili na nusu jioni, hapo masaa 12 yamepita na maji hujanywa siku nzima. Wengine huhamishiwa ile ya mara moja kwa siku, lakini uhamisho huo unataka damu ipimwe tena na tena, kwa hivyo uliza miezi kadhaa kabla, si wiki ya mwezi kuandama. Ukiwa umewekewa figo hivi majuzi, mwaka huu hapana, na sheikh wako atakuambia hivyo hivyo.