"Mfumo umekataa": tezi dume na dirisha la bima

"Dokta, mfumo umekataa."

Kuna Jumatatu ambazo nasikia maneno hayo kabla hata ya kusalimiwa. Safari hii aliyesema ni kijana wa makamo, mtumishi hapa hapa Dodoma mjini, amemleta baba yake kutoka Mpwapwa. Mzee ni mwalimu mstaafu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, kofia akaiweka juu ya goti. Kijana alibaki amesimama na karatasi mkononi: bima imeikataa sindano ya tatu ya homoni, "dawa haiendani na ugonjwa". Mbili za kwanza zilipita bila neno.

Nilifungua kumbukumbu zake kwenye kompyuta, nikaona aibu. Siku ya kwanza mzee alikuja akilalamika mkojo unadondoka tone tone na usiku anaamka mara tano. Nikaandika N40, namba ya kimataifa ya tezi dume iliyotanuka pasipo saratani. Baadaye PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ikarudi 180, wakati sisi huanza kuuliza maswali ikizidi 4. Tukanyofoa vinyama 12 kwa sindano, patholojia ikasema saratani, Gleason 4+5, yaani alama ya saratani kali, na picha zikaonyesha imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Saratani ya tezi dume ni C61. Nilibadilisha tiba, namba nikaiacha vile vile. Nadhani aliyepitisha sindano mbili za mwanzo alisoma barua yangu, na wa safari hii akasoma namba. Siwezi kumlaumu.

Naanza na kosa langu kwa sababu wengi wakiambiwa "imekataliwa" wanasikia "hutatibiwa". Mara nyingi sivyo. Usiondoke dirishani na neno la mdomo. Omba sababu kwa maandishi, hata kama ni mstari mmoja uliochapwa kutoka kwenye skrini, kisha uilete kwa daktari aliyekuandikia dawa. Sababu ikiwa ni namba, au majibu ya patholojia hayakuambatanishwa, au muhuri wa bingwa haupo, hiyo ni kazi yetu na dawa yake ni barua. Barua yangu siku hizi ina vitu vile vile kila mara: C61, tarehe na majibu ya patholojia, PSA zote kwa mfululizo, picha zilizoonyesha ugonjwa umefika wapi, dawa na dozi, na sentensi moja ya nini kitatokea mgonjwa akikosa dozi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayosomwa.

Sababu ikiwa "haimo kwenye kitita", hapo ni jambo jingine. Kila mfuko una kitita chake cha mafao, na kitita hubadilika. Wanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wanakumbuka mabadiliko ya Machi 2024 na mvutano na hospitali binafsi ulioyafuata. Dawa isiyomo haiingii kwa kugombana na binti wa dirishani. Uliza kama kuna dawa ya kundi lile lile iliyomo, au kama kuna kibali maalum. Kwa bima za kampuni binafsi, soma ukomo wa mwaka na muda wa kusubiri kwa magonjwa uliyoingia nayo. Ukiona umekataliwa kinyume cha mkataba, andika malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza, halafu yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na iko TIRA inayosimamia kampuni hizo. Wachache sana wanafika huko. Wanauza ng'ombe kwanza.

Sasa tiba yenyewe, maana bima inakataa kitu ambacho mgonjwa mara nyingi hakukichagua.

Saratani ikikutwa bado imo ndani ya tezi, una njia tatu: kuifuatilia kwa karibu bila kuigusa, kuitoa tezi kwa upasuaji, au mionzi. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 wa aina hiyo, wakawagawa makundi matatu, na baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa takriban 2 hadi 3 katika kila 100, kundi lolote lile. Walitofautiana kwenye maisha ya kila siku: waliopasuliwa walisumbuliwa zaidi na mkojo kuvuja na nguvu za kiume, wa mionzi zaidi na haja kubwa. Ila nisikudanganye, karibu wote walikuwa wazungu waliogunduliwa mapema kwa kipimo cha damu. Wanaokuja kwangu kutoka Kongwa, Bahi au Manyoni wengi wameanza kuumwa mgongo, dalili kwamba huenda imeshafika mifupani.

Mionzi nayo, kwa mtu wa huku, ina hesabu isiyoandikwa kwenye kibali. Wengi wetu tumekuwa tukiwapeleka Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Ni siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki nne, au saba hadi nane kwa ratiba ya zamani. Bima ikilipa mionzi hailipi chumba wala ugali. Treni ya SGR imefupisha safari tangu 2024, haijafupisha wiki. Kwa hiyo namuuliza mgonjwa swali ambalo sikufundishwa chuoni: Dar utafikia kwa nani?

Ikishatoka nje ya tezi na kufika mifupani, kama kwa mwalimu wetu, msingi wa tiba ni kuinyima saratani homoni ya kiume. Jambo hili Charles Huggins na mwenzake walilionyesha Marekani mwaka 1941, naye Huggins akapewa Nobel mwaka 1966. Njia ni mbili kuu. Moja ni sindano kama goserelini, ya kila siku 28 au ya kila wiki 12, bila kikomo. Nyingine ni upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, mara moja basi, hata kwa ganzi ya eneo husika.

Hapa ndipo familia zinapokwama. Ukitaja korodani, chumba kinanyamaza, halafu mtoto mkubwa anasema, "Dokta, tutalipia sindano." Lakini sindano inafanya kitu kile kile. Homoni inashuka vile vile, hamu ya tendo la ndoa inaondoka vile vile, joto la ghafla usiku na mifupa kudhoofu pia. Tofauti ni kwamba sindano ukiiacha homoni inaweza kurudi. Hiyo ni faida ukitaka kuisimamisha, na ni hatari ukicheleweshewa kibali. Tena sindano ya kwanza hupandisha homoni kabla ya kuishusha, ndiyo maana tunatanguliza vidonge kama bikalutamidi. Saratani ikiwa kwenye uti wa mgongo, kuvikosa vidonge hivyo kunaweza kumpoozesha mtu miguu. Omba kibali cha vyote viwili kwa pamoja. Nimeshaona sindano imekubaliwa na vidonge vimekataliwa.

Baadhi watahitaji kuongezewa dawa kama abirateroni, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Hiyo huongezwa juu ya sindano au juu ya upasuaji, na haizibi pengo la kimojawapo.

Nilirekebisha namba, nikaandika barua upya, nikampa kijana aipeleke. Alipotoka nje kupiga simu, mzee akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na ile ya mara moja, wanakata nini hasa?"

Nikagundua kwamba miezi ile yote nilikuwa naongea na mwanawe. Nilichukua karatasi nikamchorea: mfuko unabaki, kinachotoka ni vile viwili vya ndani, na kuna namna ya kutoa nyama yake ya ndani tu, ganda likabaki. Akaiangalia ile michoro kama anasahihisha daftari. Akauliza atalazwa siku ngapi, na kama ataweza kupanda basi kurudi. Kisha akasema, "Mimi na mama yao tulishafunga hesabu hiyo zamani. Sitaki kila miezi mitatu mtoto wangu agombane na watu kwa ajili yangu."

Kijana aliporudi hakupenda. Walizungumza Kigogo muda mrefu, mimi nikajifanya naandika.

Tulimpasua wiki iliyofuata. Kibali cha sindano kilikuja siku ya tatu baada ya hapo, kimepita bila swali. Nilimpigia kumwambia. Mwalimu akacheka hadi akakohoa, akasema niwarudishie sindano yao wampe mwingine, yeye anawahi shambani.