Tetemeko halifuati pwani

Kila tetemeko kubwa likitangazwa Chile au Japani, hukosi kumsikia mtu Nairobi akisema afadhali sisi tuko bara, wa kuogopa ni wa Mombasa. Sivyo hata kidogo.

Chile hutikisika kwa sababu bamba la Nazca, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kilicho chini ya bahari, linazama chini ya bara la Amerika Kusini karibu na ufuko wake. Tetemeko la 1960 huko lilifika kipimo cha 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Mombasa haiko ukingoni mwa bamba namna hiyo: bamba la Somalia lililoibeba linaendelea hadi mbali katikati ya Bahari ya Hindi. Hata tsunami ya 2004 iliyofika pwani yetu ilitoka mbali, Sumatra, Indonesia.

Ufa wetu, yaani Bonde la Ufa, uko bara. Simama juu ya Mai Mahiu, pale wanapouza ngozi za kondoo, utazame chini. Ule mteremko mkali umetokana na ardhi kukatika na kudidimia huku bamba la Somalia likiachana na la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki, milimita chache tu kwa mwaka. Polepole, ndiyo, lakini Januari 6, 1928 Subukia, humo humo bondeni, ilipigwa na tetemeko la takriban 6.9. Julai 2007 mitetemo iliyoanzia karibu na Ziwa Natron, Tanzania, iliwatoa watu maofisini hapa jijini.

Mimi naogopa zaidi maghorofa yetu ya harakaharaka, yenye nguzo nyembamba na zege hafifu, ambayo mengine huporomoka bila tetemeko lolote. Kabla hujalipia nyumba, dai kuona michoro ya mhandisi iliyoidhinishwa.